Dragon na nyeusi: vita ya nyumba mbili, c3 na h7

Ukiwa na nyeusi kwenye chesi ushauri utakaopewa na karibu kila mtu ni uleule, jilinde kwanza, sawazisha gemu, subiri jamaa wa nyeupe akosee halafu ndo uanze kuwaza ushindi. Mwenda pole hajikwai na nini na nini. Sikatai, wapo wanaoshinda hivyo na wanashinda sana tu, ila mi nikikaa gemu nzima nimejikunyata nyuma ya askari wangu nasubiri hisani ya mpinzani hamu inaniisha kabla hata hatujafika muvu ya 15. Kwa hiyo nacheza Sicilian Dragon, na ninachotaka kusema leo ni kimoja, kwamba huu ufunguzi ambao watu wanauogopa na kuuita wa vichaa ni rahisi kuuelewa kuliko hiyo mifumo yao ya salama.

Rahisi kuuelewa nimesema, sijasema rahisi kushinda, tusilishane maneno.

Angalia, kwenye mfumo wa salama Nyeupe ana njia kibao. Anaweza kukubana upande wa malkia, anaweza kufungua katikati, anaweza pia kukaa tu anasogezasogeza kete akuangalie utafanya nini, na wewe kazi yako inakuwa kubashiri. Kwenye Dragon huyu bwana anakuja na mpango mmoja ambao dunia nzima inaujua tangu miaka ya 1950: anamficha mfalme wake upande wa malkia (ile inayoitwa castling), anasukuma askari wa h (herufi a hadi h ni mistari ya ubao, namba 1 hadi 8 ni safu), anafungua mstari wa h, anambadilisha yule askofu wako wa g7, halafu malkia anatua h7, kwaheri. Anakuja kupitia wapi unajua, anakuja na nini unajua. Kilichobaki ni hesabu, nani anafika kwanza, na hesabu mtu yeyote anaweza kujifunza.

Muvu zenyewe kwa ambaye hazijui. Nyeupe e4, wewe c5. Farasi f3, d6. Nyeupe d4, unakula, farasi wake anakula d4. Farasi wako f6, farasi wake wa pili c3, na hapo unacheza g6. Basi, ndo Dragon hiyo. Askofu wako anaenda g7 na kutoka pale anapiga mshazari wote mrefu hadi a1, na huyo askofu ndo roho ya mchezo mzima, ukishamtoa bila sababu ya maana unabaki na uwazi mkubwa mbele ya mfalme na huna cha kujivunia.

Nyeupe mwenye nia mbaya anacheza askofu e3, wewe askofu g7, yeye f3, wewe unamficha mfalme upande mfupi, yeye malkia d2, wewe farasi c6, yeye askofu c4. Hili ndo shambulizi la Kiyugoslavia na ndo sababu ya watu wengi kuikimbia Dragon wakiwa bado wadogo kireting. Kabla sijaendelea, kitu kidogo lakini kinaua watu kila siku: Nyeupe akishacheza askofu e3 kuna kishawishi cha kurusha farasi wako g4 umsumbue yule askofu. Kama mfalme wako bado hajajificha, usifanye! Anakujibu askofu b5, cheki, na hapo ushaumia. Ukizuia kwa askofu d7, malkia wake anamla farasi wa g4 bure kwa sababu huyo askofu wako wa d7 kafungwa, akitoka kwenda kumla malkia mfalme yuko wazi. Ukizuia kwa farasi c6, farasi wa d4 anakula c6, unarudisha kwa askari wa b, na askofu wake anakula c6 cheki huku anaiangalia ngome yako ya a8. Ni muvu ya 6 tu hiyo na gemu imeisha. Mfalme wako akishajificha hiyo cheki haipo tena, ndo maana Nyeupe anahangaika kucheza f3 mapema, anafunga g4, anaishikilia e4, na anaandaa kusukuma g4 mwenyewe baadaye.

Sasa tuje kwenye nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza ni h7. Kila kitu anachofanya Nyeupe kinaelekea pale, na kinachokuokoa pale ni farasi wako wa f6. Farasi huyu analinda h7, anaizuia h5, anaiangalia d5, anafanya kazi za watu watatu kwa mshahara mmoja. Kwa hiyo usimwangalie sana malkia wa Nyeupe, watu wanaanza kuogopa pale malkia anapofika h6 na kumbe walitakiwa waogope pale farasi wa Nyeupe anaporuka d5, kwa sababu yule anakuja kumtoa mlinzi. Malkia peke yake kwenye h6 huku farasi wako yuko f6 amesimama imara ni kelele tu. Malkia kwenye h6, mstari wa h uko wazi, na farasi wa f6 katolewa, hapo hata usihangaike kutafuta, ni chekmeti.

Nyumba ya pili ni c3, na hii ndo yako wewe.

Ngome yako ya a inaenda c8, mstari wa c uko nusu wazi kwa sababu askari wako wa c alishabadilishwa mwanzoni kabisa, na ukiufuata huo mstari mbele yako kuna farasi wa c3, nyuma yake kuna mfalme wa Nyeupe kwenye c1. Farasi wa c3 ndo anayeishika e4 na ndo anayeruka d5. Kwa hiyo ukitoa ngome yako ukamla huyo farasi, Nyeupe akarudisha kwa askari wa b, hebu hesabu umepata nini: askari zake za upande wa malkia zimevunjika, a peke yake, c mbili zimepangana, mfalme hana ukuta wa mbele, na yule askofu wako wa g7 ghafla anapiga kwenye nyumba zenye watu. Umetoa ngome kwa farasi. Kwenye vitabu vya wanaoanza hiyo ni hasara, pointi tano za ngome kwa tatu za farasi. Kwenye Dragon mara nyingi ni biashara nzuri, na kitu ambacho kilinichukua muda kukikubali ni kwamba hata malkia zikibadilishwa baada ya hapo Nyeusi mara nyingi yuko sawa tu, kwa sababu zile askari zilizovunjika hazijirekebishi, na ukiokota moja tu, ile ya e4 kwa mfano, hesabu ya kete inakaribia kurudi palepale.

Nitoe mfano mmoja kamili maana maneno matupu hayasaidii. Tuendelee na ule mpangilio wa juu: Nyeupe askofu c4, wewe askofu d7, yeye anamficha mfalme upande wa malkia, wewe ngome c8, yeye anamrudisha askofu b3, wewe farasi e5, yeye h4, na wewe h5. Hiyo h5 inaitwa Soltis, kwa jina la Andrew Soltis, grandmasta wa Marekani. Inaonekana mbaya, mwalimu yeyote atakwambia usisukume askari walio mbele ya mfalme wako, lakini inafanya kazi moja nzuri sana, inamzuia askari wa h wa Nyeupe palepale h4. Sasa akitaka kufungua kitu lazima atoe askari kafara kupitia g4, na hapo anatumia muvu ambazo wewe unazihitaji kuliko kitu chochote duniani.

Nyeupe ambaye hajasoma anaona ukuta wako una matundu, anasema ah, ngoja nibadilishe askofu, anacheza askofu h6. Unakula. Malkia wake anakula h6. Simama hapo uangalie kilichotokea: malkia alikuwa d2, na pale d2 alikuwa analinda c3, sasa kaenda kutalii h6. Ngome inakula c3! Anarudisha kwa askari wa b, malkia wako a5. Unatishia kula c3, unatishia kutoa cheki a3, mfalme akipanda b2 kujitetea ngome yako ya pili inakuja c8 na farasi wa e5 anasubiri kuruka c4 kwa cheki. Na malkia wa Nyeupe yuko h6 peke yake, mstari wa h umefungwa na askari wawili wanaotazamana h4 na h5, farasi wako wa f6 hajatikisika. Nani anamshambulia nani sasa?

Hiyo ndo picha ninayoibeba kichwani kila ninapocheza Dragon. Sibebi muvu 25 za kukariri, nabeba swali: malkia wa Nyeupe akiondoka d2, nani analinda c3? Kama jibu ni hakuna, kuna kitu cha kutafuta pale.

Na ukitaka kuona Dragon inavyokufa, angalia mtu aliyelielewa hilo swali kuliko wewe. Mwaka 1974, Moscow, fainali ya wagombea wa ubingwa wa dunia, Karpov na Korchnoi, gemu ya pili. Mshindi wa ile mechi ndo alikuwa akutane na Fischer, bingwa wa dunia wa wakati huo, na kwa kuwa Fischer hakutokea kutetea taji Karpov akawa bingwa 1975, kwa hiyo si gemu ya mtaani hii. Korchnoi na nyeusi akacheza Dragon, akaruka farasi c4, Karpov akala kwa askofu, ngome ikarudisha c4. Karpov h5, anatoa askari, farasi anakula, g4, farasi anarudi f6. Mpaka hapa kila mtu anasubiri Nyeupe aingie na askofu h6 kwa pupa. Karpov akafanya nini, akamchukua farasi wake mzuri wa d4, aliyekaa katikati ya ubao kama mkubwa, akamrudisha e2.

Anarudi nyuma! Katikati ya shambulizi! Mara ya kwanza niliiona nikadhani nimesoma vibaya. Lakini uliza lile swali, nani analinda c3? Sasa yupo farasi wa e2. Ndipo akacheza askofu h6, akabadilisha, malkia akaingia h6, na ile ngome inakula c3 ambayo ndo pumzi ya Nyeusi haipo tena, kwa sababu farasi mmoja akiliwa mwingine anarudisha, ukuta unabaki mzima. Muvu iliyofuata akapandisha na ngome d3, ulinzi juu ya ulinzi, kamfungia mwenzake mlango kabisa. Halafu ndo akaanza kukata.

Mwisho wake ni mtamu mno, ruhusa niukalie kidogo. Korchnoi alikuwa na malkia a5 na ngome c5, zote zinalinda safu ya tano kwa mbali, na safu hiyo ndo ilikuwa ukuta wake wa mwisho. Karpov g5, anatoa askari, ngome inakula, ngome ya Karpov inatua d5 katikati ya hiyo safu na kuikata, zinabadilishwa, sasa farasi wake yuko d5 na mwingine anakuja f4. Ungekuwa wewe ungemla farasi wa f6 mara moja kwa cheki kisha farasi wa pili h5, si ndiyo? Nyeusi angejibu malkia g5, cheki, malkia wanabadilishwa na shambulizi limekwisha. Kwa hiyo Karpov akacheza kwanza e5, askari mdogo tu, anasimama katikati ya safu ya tano ili malkia wa a5 asione g5. Baada ya hapo yule farasi wa f6 akaliwa na askari, malkia akaingia h7 kwa cheki, h8 kwa cheki, na Korchnoi akakubali kwenye muvu ya 27. Angalia alivyokufa, farasi wa f6 kwanza, h7 baadaye. Kila mtu anayetaka kucheza Dragon ningemwambia aanze na gemu hii ambayo Nyeusi anapigwa, aipitie polepole, kuliko kuanza na zile za ushindi ambazo zinakupa kichwa kikubwa bure.

Fischer naye alishaifanyia Dragon unyama huohuo mapema zaidi, Portorož 1958, akiwa na miaka 15, akamfungulia Bent Larsen, grandmasta wa Denmark, mstari wa h na kumtwanga. Tangu wakati huo wapenzi wa nyeupe wanaamini Dragon ni chakula cha bure.

Sasa upande wetu tuna nini? Tuna Kasparov, bingwa wa wakati huo, New York 1995, mechi ya ubingwa na Anand, ghorofani kule World Trade Center. Gemu nane za mwanzo zote sare, watu wanasinzia. Ya 9 Anand kashinda. Ya 10 Kasparov kajibu. Ya 11 Kasparov ana nyeusi, na badala ya ile Sicilian yake ya kawaida akatoa Dragon, kitu ambacho hakuwa na historia nacho kabisa, na akashinda. Ya 13 akarudia Dragon tena, akashinda tena. Mechi ikaisha 10.5 kwa 7.5. Watu wanasema aah, yule ni Kasparov, angeweza kushinda na chochote, sawa, lakini yule Kasparov angeweza pia kuchagua chochote, na siku alipotaka kupiga na nyeusi kwenye mechi ya ubingwa wa dunia alichagua hicho. Carlsen, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, pia aliicheza akiwa kijana. Kwa hiyo mtu wa reting kama zetu akiniambia ooh nadharia inasema Nyeupe yuko bora, namwangalia tu.

Na ni kweli nadharia inasema hivyo, tusidanganyane. Ukiwasha Stockfish, ile injini ya kompyuta ya chesi, ukaweka shambulizi la Kiyugoslavia itakuonyesha Nyeupe anafurahi, na kwenye chesi ya kuandikiana ambako watu wana siku nyingi na injini pembeni nisingeigusa. Lakini injini haichezi na saa, na haitetemeki mkono. Nyeupe kwenye Dragon anatakiwa apate muvu kama ile ya farasi e2, muvu ya kurudi nyuma wakati damu inachemka, na binadamu wengi hawaipati, wanaona mfalme wako wanaenda mbio, malkia anaondoka d2, na c3 inabaki yatima.

Kitu kingine ambacho Nyeusi anatakiwa awe nacho mkononi ni d5. Kuna Nyeupe ambao hawachezi askofu c4, wanamficha mfalme moja kwa moja ili waokoe muvu. Sababu ya askofu c4 ilikuwa hiyohiyo, kuizuia d5. Kama hayupo, piga d5 palepale, bila kuwaza mara mbili! Askari wake wa e anakula, farasi wako anakula, wanabadilishana farasi c6, unarudisha kwa askari wa b. Sasa kuna mtego mtamu hapa na bado watu wanaingia. Nyeupe anakula d5 kwa farasi, unarudisha kwa askari, malkia wake anakula d5 na sasa anatishia ngome yako ya a8, kashinda askari wa bure anajiona. Wewe unacheza malkia c7, yaani unaiacha ngome. Akiila, askofu wako anatoka f5. Angalia sasa: unatishia chekmeti c2, na hapohapo ngome ya f8 inamtishia malkia aliyeko a8. Hana njia ya kuzuia vyote bila kumtoa malkia, kwa hiyo anakula ngome ya f8 kwa cheki, mfalme wako anarudisha, naye anaweka ngome d2 kuilinda c2. Ukihesabu, yeye ana ngome mbili na askari wa ziada, wewe una malkia, na maaskofu kila mmoja anao wawili, ila wako ndo wanaokata ubao mzima kuelekea kwa mfalme wake. Kwenye karatasi Nyeupe hana shida kubwa. Kwenye gemu ya dakika tatu nipe malkia mimi. Nyeupe aliyesoma hali d5 hata kidogo, anaweka askofu d4 na mnaendelea na maisha, gemu ya kawaida, ngumu, inachezeka.

Kuna wanaoniuliza mbona usicheze ile Dragon ya haraka, farasi c6 kwanza na g6 bila d6, ili ukipata nafasi usukume d5 kwa mkupuo mmoja na lile shambulizi lisiwepo. Nimeijaribu. Tatizo ni kwamba Nyeupe anacheza c4, anaweka askari c4 na e4, katikati yote yake, na wewe umerudi kulekule kwenye kujikunyata ambako tulikuwa tunakukimbia. Kama unapenda kubanwa ni sawa, wengine wanaifurahia, mi hapana.

Kwenye mazoezi nafanya hivi: nachukua nafasi iliyofika muvu ya 12, nacheza pande zote mbili. Kucheza Nyeupe dhidi ya Dragon yangu mwenyewe kumenifundisha kuliko video zote, kwa sababu ukikaa upande ule unahisi mwenyewe kishawishi cha kumpeleka malkia h6 mapema, unajua kabisa ni kosa na mkono bado unaenda. Ukishahisi hivyo unaelewa mpinzani wako anawaza nini akiwa na sekunde 40. Halafu napitia gemu nilizopigwa na sianzi na injini, naanza kwa kuhesabu tu: yeye alihitaji muvu ngapi kufika h7, mi nilihitaji ngapi kufika c3, nani alikuwa mbele na ni muvu ipi ilibadilisha. Mara nyingi muvu iliyoniua haikuwa na hatari yoyote kwa macho, ni a6 fulani hivi ya kujistarehesha, muvu ya kawaida kwenye Sicilian nyingine, ila huku hakuna muda wa a6. Mwenda pole hajikwai, sawa, ila kwenye Dragon mwenda pole analala h7.

Malalamiko yangu makubwa kiukweli wala si shambulizi la Kiyugoslavia. Ni watu wasiokuja vitani. Umejiandaa, umesoma Soltis, umesoma ile ya grandmasta Topalov ya kubadilisha farasi d4 na kupiga b5, uko tayari kutoa ngome kafara mbele ya umma, unacheza c5 kwa mbwembwe, na jamaa anajibu c3. Au askofu b5, cheki, anabadilisha maaskofu mapema na kurudi zake kulala. Au anatoa askari kwa d4 na c3, Smith-Morra, ambayo angalau ina heshima ya kutaka ugomvi. Kwenye gemu za haraka mtandaoni hawa ndo wengi, yaani unaweza ukacheza jioni nzima usione mshazari mrefu hata mara moja.

Nimejipunguzia kazi hivi: kwa c3 najibu farasi f6, akisukuma e5 farasi anaruka d5. Kwa Smith-Morra, akishacheza c3 kunipa askari simli, nacheza tena farasi f6, e5, farasi d5, na mara nyingi tunaangukia kwenye nafasi zilezile, somo moja kwa wapinzani wawili. Kwa askofu b5 naweka askofu d7, akila narudisha kwa malkia, kisha bado nacheza g6 na askofu wangu anakwenda g7 kama kawaida, gemu inakuwa tulivu lakini yule wa g7 yupo kazini. Na Nyeupe anayecheza askofu e2 na kumficha mfalme upande mfupi kama mimi, huyo hakuna mbio za nani atafika kwanza, hapo nacheza farasi c6, askofu e6 na nategea d5 nikipata upenyo. Wale wa f4 kwenye muvu ya 6, ambao wanataka kusukuma e5 usoni pako, siwapi askofu g7 haraka, natanguliza farasi c6 ili hiyo e5 iwe na mtu wa kuila.